Karatasi ya Tribinali Ikikufikia

Mazungumzo ya redio juu ya amani na kuishi pamoja, Kisangani. Maneno haya yamechapwa ili jamaa zilizokimbia makwao, mashefu wa kartie na wa vijiji, na wazee wote waweze kuyasoma na kuyajadili hata pale ambapo redio haisikiki.

Jambo kwenu mlio Makiso, Mangobo, Tshopo, Kabondo na komini ya Kisangani. Jambo kwenu mlio ng'ambo ya mto, kule Lubunga. Na jambo kwa namna ya pekee kwenu ambao mmelala chini ya hema, au darasani, au kwa ndugu ambaye nyumba yake ilikuwa imejaa tayari kabla hamjafika.

Leo tutazungumza juu ya karatasi. Si karatasi ya kupokea chakula, wala si karatasi ya daktari. Ni ile yenye muhuri inayosema: fulani, mtoto wa fulani, anaitwa mbele ya tribinali, siku fulani, saa fulani. Wengine huiita konvokasio, wengine huiita tu mwito.

Karatasi hiyo ikiingia nyumbani, moyo unaruka. Baba anauliza: "Nimekosa nini?" Mama anaikunja na kuificha chini ya godoro. Kijana anasema: "Baba, usiende, watakufunga." Na katika miaka hii kuna neno jingine linalosemwa kwa sauti ya chini: "Ukienda kusema mbele ya juji, watu wa kabila letu watasema umewauza."

Hilo ndilo neno ninalotaka tuliangalie leo bila kuogopa.

Mnakumbuka mwezi wa Februari 2023. Ugomvi juu ya udongo, uliokuwa unawaka polepole kati ya ndugu zetu Wambole na ndugu zetu Walengola, ulilipuka Lubunga. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, maelfu walikimbia na mabunda kichwani. Moto huo haukubaki mjini tu, ulifika hadi vijijini. Mwanzo wake ulikuwa swali ambalo tribinali ziliwekwa kwa ajili ya kulijibu: udongo huu ni wa nani, na nani ana haki ya kuutoa? Swali lile halikujibiwa mezani, likajibiwa kwa panga na mshale. Ninyi mnaosikiliza leo mkiwa mbali na mashamba yenu ndio mliolipa.

Basi mtu akiitwa kwenda kusaidia kujibu swali la namna hiyo mezani, mbele ya sheria, je, anawauza watu wake? Au anawakinga wasikimbie mara ya pili? Tuzungumze.

Kwanza tujue kwamba mwito si wa namna moja. Kuna watu watatu wanaoitwa. Wa kwanza ni mwenye kesi: yule anayeshtaki au anayeshtakiwa. Wa pili ni shahidi: yule aliyeona au anayejua jambo. Wa tatu ni mtu anayeitwa ili akae pamoja na juji na kumsaidia kukata neno. Huyu wa tatu wengi hawamjui, kwa hiyo tuanze naye.

Katika nchi nyingine, kama Marekani, raia wa kawaida huitwa kwa barua, na mara nyingi 12 kati yao hukaa katika kesi kubwa na kuamua kama mtu ana kosa au hana. Anaweza kuwa fundi, mwalimu au muuza duka. Katika Uganda, Korti Kuu hukaa na raia wasiopungua wawili katika kesi kubwa za makosa. Hao hutoa maoni yao mbele ya watu wote, ingawa juji hafungwi nayo. Katika Rwanda, mwezi wa Oktoba 2001, watu zaidi ya 250,000 walichaguliwa na majirani zao kuhukumu mambo ya mwaka 1994 katika baraza za gacaca, ambazo zilifungwa mwezi wa Juni 2012. Hawakuwa na mshahara kwa kazi ile. Na maelfu kati yao iliwabidi waondolewe, kwa sababu wao wenyewe walitajwa katika mambo waliyotakiwa kuyahukumu.

Najua kwamba majeshi ya nchi hizo mbili, Rwanda na Uganda, yalipigana hapa mjini kwetu siku 6 za mwezi wa Juni 2000, na wengi wenu mlizika watu. Sizitaji ili kuzisifu. Nazitaja kwa sababu mwenye akili huchukua fundisho popote alionapo. Na fundisho ni hili: mtu wa kawaida anaweza kukaa pahali pa kuhukumu, lakini akikaa pale akiwa na mkono katika kesi, kiti chote kinaharibika.

Kwetu Kongo hatuna wale watu 12. Lakini tuna jambo linalokaribiana nalo, na jina lake ni zuri: tribinali ya amani. Ndiyo tribinali iliyo karibu zaidi na raia. Sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 juu ya tribinali inasema kwamba tribinali ya amani inasikiliza mambo ya jamaa, ya urithi, na ugomvi wa udongo unaofuata desturi, uwe wa mtu mmoja au wa kundi zima. Sasa, juji amesoma sheria chuoni. Labda amezaliwa Kananga au Matadi. Atajuaje kwamba kwenu mpaka wa shamba huonyeshwa kwa mti gani? Atajuaje nani ana haki ya kuvua katika kijito fulani? Ndiyo sababu sheria inasema: panapotumiwa desturi, tribinali ikae watu watatu, na wawili kati yao wawe wazee waheshimiwa wa pale, wanaoitwa notabli, ambao rais wa tribinali huwaita.

Sikilizeni vizuri: wawili kati ya watatu. Wazee hao hawakai pembeni kama wageni wa sikukuu.

Tuchukue mfano. Kuna mzee mmoja, tumwite Mzee tu. Alikimbia Lubunga na jamaa yake, sasa anaishi upande wa pili wa mto. Anapokea karatasi: tribinali inamwomba akae katika kesi ya shamba kati ya jamaa mbili. Jamaa moja ni ya kabila lake. Nyingine ni ya kabila lile ambalo vijana wake walichoma nyumba yake. Usiku halali. Afanye nini?

Jambo la kwanza: asiitupe karatasi. Aisome, au amtafute mtu wa kumsomea. Aangalie mambo matano: jina lake limeandikwa sawasawa? Ni tribinali gani au ofisi gani inayomwita? Siku na saa gani? Anaitwa kama nani: mwenye kesi, shahidi au notabli? Kuna muhuri na sahihi? Akiwa na shaka, aende kwa grefye wa tribinali ile akaulize kama karatasi imetoka kwao. Kuna watu waongo wanaotengeneza karatasi ili kupata franga za maskini. Kuuliza si kosa.

Jambo la pili: ajipime. Na hapa nawaomba wazee wanisikilize. Waswahili husema kesi ya nyani hapelekewi tumbili. Sheria yetu inasema neno hilohilo kwa lugha yake. Mtu hawezi kukaa katika kesi kama yeye au mke wake ana faida ndani yake. Kama ni ndugu wa mmoja wa wenye kesi. Kama ana uadui mkubwa au urafiki wa karibu na mmoja wao. Kama alikwisha kutoa shauri katika kesi ileile, au aliingia ndani yake zamani kama shahidi. Mtu wa namna hiyo anatakiwa kusema mwenyewe na kujiondoa. Asipojiondoa, wenye kesi wana haki ya kumkataa.

Kwa hiyo Mzee ajiulize: shamba lile linapakana na langu? Mmoja wao amemwoa binti yangu? Kijana wa jamaa ile ndiye aliyechoma nyumba yangu? Kama jibu ni ndiyo, aende siku ileile iliyoandikwa, asimame, aseme: "Nimekuja kwa heshima ya mwito, lakini siwezi kukaa katika kesi hii, sababu ni hii." Huyo amefanya kazi ya amani kama yule aliyekaa. Lakini asibaki nyumbani kimya. Ukibaki kimya, tribinali haijui kama umekataa, umeugua au umekufa, na kesi inalala. Kesi ya udongo ikilala, vijana wanaamka.

Lakini kama jibu ni hapana, kama hana shamba pale, hana ndugu pale, na yule aliyemkosea si mmoja wa wenye kesi, basi kuwa wa kabila hili au lile si sababu ya kukimbia kiti. Aende.

Jambo la tatu: ajue kazi yenyewe. Notabli huapa mbele ya rais wa tribinali kabla ya kuanza. Akisha kuapa, hakai pale kwa niaba ya kabila lake. Kabila halikumtuma, limeitiwa mtu anayejua. Anasikiliza pande zote mbili mpaka mwisho. Anaeleza desturi ilivyo, si kama anavyopenda iwe. Katiba yetu ya mwaka 2006 inasema desturi hutumiwa tu ikiwa haivunji utulivu wa watu wote wala mwenendo mwema. Basi desturi inayomnyima mjane kila kitu, au inayosema mgeni hana haki hata ya kusikilizwa, haiwezi kusimama kwa sababu tu mzee ameitaja. Na maneno wanayosema wale watatu wakiwa peke yao kabla ya kukata kesi ni siri. Hayasemwi nyumbani, hayasemwi penye lotoko, hayasemwi kwa shefu wa kabila.

Jambo la nne: asipokee kitu. Si kuku, si franga, si sabuni. Anayemletea kuku usiku kabla ya kesi anamletea aibu. Amwambie: "Rudi nayo, tutaonana mbele ya watu."

Sasa tuje kwa shahidi. Hapa wengi wenu mnahusika, hasa mama zetu, maana mama ndiye aliyeona nani alipita na moto mkononi.

Katika kesi za makosa, utaratibu wetu umeandikwa tangu dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959, ambayo imerekebishwa mara kadhaa. Unasema kwamba mtu aliyeitwa kwa njia ya sheria kuwa shahidi lazima afike, aape na aseme. Akikataa bila sababu anaweza kuadhibiwa. Lakini kuitwa kuwa shahidi si kushtakiwa. Usiogope kama mwizi wakati wewe hukuiba.

Shahidi ana kazi moja tu: kusema alichokiona na alichokisikia yeye mwenyewe. Kama uliona, sema niliona. Kama uliambiwa, sema niliambiwa na fulani. Kama hujui, sema sijui. Hakuna juji anayemwadhibu mtu kwa kusema sijui kwa haki. Usiseme "Wambole walifanya", usiseme "Walengola walifanya". Kabila halichomi nyumba. Anayechoma nyumba ni mtu, ana jina na ana sura. Kama unamjua, mtaje yeye. Kama humjui, usimtwike kosa jirani yake kwa sababu ya lugha anayosema. Mkilishika neno hili moja tu katika mazungumzo ya leo, tutakuwa tumefanya kazi kubwa.

Na njia ya mwongo ni fupi. Ushahidi wa uongo baada ya kuapa unaweza kumfunga mtu hadi miaka 5, na adhabu inaweza kuwa kubwa zaidi kama mtu mwingine amehukumiwa vikali kwa sababu ya uongo ule. Kijana akikuambia: "Mama, sema hivi kwa faida yetu," mwambie kwamba jela haina nafasi ya kabila.

Najua mtauliza: "Na nikisema ukweli, nani atanilinda?" Swali hilo ni la haki, na sitawadanganya kwamba ulinzi ni mwingi. Lakini kuna mambo unayoweza kuyafanya. Mwambie mwendesha kesi wa parke, au juji, kabla ya siku ya kusema, kwamba unaogopa, na nani anakutisha. Kesi husikilizwa mbele ya watu wote, lakini Katiba inaruhusu milango ifungwe ikiwa kuna hatari kwa utulivu au kwa mwenendo mwema. Katika kesi za kunajisi wanawake na watoto, sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inamlazimisha juji na mtu wa parke kulinda usalama, heshima na siri ya aliyetendewa na ya wengine waliomo katika kesi. Basi omba, ni haki yako. Na usitembee sokoni ukitangaza kwamba umeitwa. Karatasi ni yako, si ya kartie nzima.

Sasa neno kwa jamaa zilizokimbia. Kuna hatari ambayo wengi hawaijui. Mtu akishtakiwa katika kesi ya udongo, karatasi hupelekwa pale anapoishi. Kwa kawaida kuna siku 8 kamili kati ya karatasi na kesi, na siku moja zaidi kwa kila kilomita 100. Lakini wewe umekimbia, nyumba yako ni majivu. Mtu ambaye makao yake hayajulikani, karatasi yake hubandikwa kwenye mlango wa tribinali na kutangazwa katika gazeti la serikali. Nani kati yetu hupita kusoma mlango wa tribinali? Kesi inaweza kusikilizwa bila wewe, na shamba la baba yako likapewa mwingine wakati unapanga foleni ya unga. Sheria inakupa njia ya kupinga hukumu iliyotolewa ukiwa haupo, lakini siku zake ni chache sana, tangu ulipojulishwa.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Mkifika mahali pa kukimbilia, mjulisheni shefu wa kartie na msimamizi wa kambi majina yenu kamili na mahali mlipotoka. Kama mna shamba lenye ugomvi, mmoja wa jamaa aende mara kwa mara kwa grefye kuuliza kama kuna kesi juu yake. Mkipokea karatasi na hamna avoka, nendeni kwenye baro: mawakili wana ofisi ya kutoa mashauri bila malipo kwa wasio na uwezo. Katiba inasema kila mtu ana haki ya kujitetea mwenyewe au kusaidiwa na mteteaji anayemchagua. Aliye maskini kabisa anaweza kuomba karatasi inayothibitisha umaskini wake, ili asilipishwe gharama za tribinali. Na mlio ng'ambo, msingoje asubuhi ileile. Vukeni mapema, mto haujui saa ya juji. Ukiugua au ukikosa njia, tuma mtu na barua kabla ya saa, si baada ya wiki.

Kama hujui Kifaransa, usione haya. Kiswahili na Lingala ni lugha za taifa, Katiba imezitaja. Sema waziwazi kwamba unataka maneno yatafsiriwe. Usiweke sahihi wala kidole kwenye maandiko ambayo hukusomewa.

Neno la mwisho ni kwenu mashefu, wazee, na viongozi wa mitaa. Mara nyingi karatasi hupitia mikononi mwenu. Ifikisheni siku hiyohiyo. Msiifungie sandukuni kwa sababu aliyeitwa si mtu wenu, wala msimlipishe mtu kwa kumpa karatasi yake. Mkiona mtu ameitwa kuwa notabli au shahidi, msimwulize atasema nini. Mwambieni tu: "Nenda, useme ukweli, urudi salama, sisi tutaangalia nyumba yako." Kwa maneno hayo mtakuwa mmemlinda kwa namna ambayo karatasi haiwezi. Na mtu akitishwa kwa sababu ya ushahidi wake, shefu awe wa kwanza kupinga, hasa kama anayetisha ni wa kabila la shefu mwenyewe. Husemwa penye wazee hapaharibiki neno. Lakini neno linaharibika pale wazee wanaponyamaza.

Mtaniambia: "Tribinali zetu zina makosa. Kesi zinachelewa, wengine wanahonga." Ni kweli, nimeyasikia malalamiko hayo. Lakini mtu mwaminifu akikataa kwenda, kiti hakibaki kitupu. Anakikalia yule anayependa kuhongwa. Shahidi wa kweli akinyamaza, wa uongo anasema peke yake.

Basi turudi kwa Mzee wetu na karatasi yake. Asubuhi anavaa shati safi, anavuka mto kwa mtumbwi, anapanda toleka mpaka tribinalini. Pale mlangoni anakutana na mzee wa kabila lile jingine, ambaye naye ameitwa kuwa notabli. Hawajasalimiana tangu Februari 2023. Leo watakaa kwenye kiti kimoja, watasikiliza maneno mamoja, na mmoja atamwuliza mwenzake: "Kwenu, mpaka wa shamba huonyeshwaje?"

Ndugu zangu, kwa swali hilo ndipo tutakapoanza kurudi nyumbani.

Amani iwe nanyi na jamaa zenu.

Maswali ya kujadili katika kundi

1. Katika kartie yetu au kambi yetu, karatasi za tribinali hupitia kwa nani? Zinafika kwa wakati?

2. Mzee aliyeitwa kuwa notabli anaona kwamba mmoja wa wenye kesi ni shemeji yake. Afanye nini, na aseme maneno gani?

3. Kwa nini ni hatari kusema "kabila fulani lilifanya" badala ya kumtaja mtu uliyemwona?

4. Sisi kama majirani tunaweza kufanya nini ili shahidi asiogope kurudi nyumbani?